Sauti za Mtani Wangu

Nilipandia treni Morogoro, nikiwa na begi moja na kisanduku cha bisibisi. Reli ile ya zamani haina haraka na mtu. Mbele ya Manyoni mvua ilikuwa imelainisha tuta, tukasimama porini hadi abiria wakashuka, wakawasha moto, wakachemsha chai, na akina mama wa vijiji vya karibu wakatokea na kuku wa kuchoma kana kwamba walikuwa wameambiwa tutakuja. Watu wengine walilalamika. Mimi kwa kawaida hupenda safari za namna hiyo. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mji mmoja hadi nikapajua nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimetengeneza simu na kompyuta Tunduma, Songea, Mwanza na Morogoro, na kila mji nilioondoka nimeupenda baada ya kuondoka. Nikiwa ndani ya gari au treni moyo wangu hutulia.

Safari ile moyo haukutulia. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa sauti, na kila nilipousikiliza niliogopa zaidi. Maneno yake hayakuwa ya kutisha. Kilichonitisha ni namna yalivyotamkwa.

"Mtani," ilisema sauti, polepole, kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni. "Njoo unisaidie kazi ya kompyuta. Njoo sasa. Mwezi ujao utakuta bubu."

Nilimjua mwenye sauti ile tangu tukiwa na miaka kumi na minne. Tulikaa dawati moja shule ya sekondari hapo Tabora, mimi mtoto wa bweni kutoka pwani, yeye wa kutwa, mwenyeji. Mimi ni Mzigua, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaonana. Babu zake walibeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, wakapita vijijini kwetu wakigombea maji na chakula, mpaka wazee wakaona ni afadhali ugomvi ule ugeuzwe kuwa mzaha. Tangu hapo Mnyamwezi anaweza kuninyang'anya kofia barabarani nikacheka, na mimi naweza kumtukana hata kwenye msiba wa baba yake, na nitapewa chakula. Yeye aliniita mtumwa. Mimi nilimwita punda wa Mwarabu. Alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wote darasani. Kwenye midahalo walimu walimkatiza ili wengine nao wapate kusema.

Tulipita Goweko, tukapita Igalula, ambako watu waliingia na magunia ya karanga na jogoo mmoja aliyefungwa miguu kwa utepe mwekundu. Jogoo akawekwa karibu na goti langu. Nikaweka simu sikioni tena. Utakuta bubu.

Stesheni ya Tabora nilipokewa na mke wa mtani wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi.

"Shemeji, usishtuke ukimwona," akaniambia ndani ya bajaji.

"Nitaanza kwa kumtukana. Ndiyo dawa yetu."

Akacheka. Kisha akageukia nje, akafuta uso na ncha ya kitenge.

Ugonjwa wenyewe nilikuwa nimeelezwa kwa simu. Ulianzia vidoleni, alipokuwa bado anafundisha kompyuta chuoni: alishindwa kufunga vifungo vya shati, baadaye kushika kalamu, baadaye kusimama. Mishipa inayopeleka amri kwenye misuli inakufa kidogo kidogo, na akili inabaki nzima ikitazama. Daktari hakumficha. Mikono, miguu, ulimi, pumzi. Kwa mpangilio huo.

Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti kilicholazwa nyuma na kuegemezwa mito, mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta. Amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa. Kioo kilikuwa cheusi, kimejaa nyota, na karibu na mdomo wake kilisimama kipaza sauti kidogo juu ya mguu wa chuma.

"Umechelewa, mtumwa," akasema.

"Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nautafuta mwili wako. Naona kichwa tu."

Alicheka, na kicheko kikamtoka kama kikohozi. Mama yake, aliyekuwa ameketi pembeni kwenye mkeka, alisimama nusu, akangoja, akaketi tena. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama," akanijibu, "Marahaba, mwanangu," bila kumwondolea mwanawe macho. Nikaja kujua kwamba ndivyo watu wote wa nyumba ile walivyoishi. Hata wakikupa chai, macho yao yako kwenye kifua chake.

"Tazama sasa," akasema mtani wangu. Akavuta pumzi. "Washa."

Nyota zikatikisika. Chombo cha angani kikanguruma ndani ya spika, na sauti ya mwanamume ikajibu, safi, ya haraka, yenye mzaha: "Tayari, mkuu."

Ile ilikuwa sauti yake. Sauti ya kwenye midahalo.

Alikuwa ameirekodi mwenyewe miaka miwili nyuma, mikono ilipoanza kumwacha, alipogundua kwamba ipo programu ya kuendesha gemu, kama hii yake ya angani, kwa kusema. Programu ile hutumia kitu kiitwacho profaili: orodha ya amri, na kwa kila amri, kitufe ambacho kompyuta itajibonyezea yenyewe. Ukisema "washa," inabonyeza cha kuwashia. Ukisema "shuka," chombo kinatua gatini. Alitengeneza amri nyingi, na kwa kila amri akarekodi jibu, ili ajisikie ana wasaidizi ndani ya chombo. Wasaidizi wote walikuwa yeye mwenyewe akiwa mzima. Kwa mzaha akaongeza na nyingine: mtu akipiga hodi mlangoni, kompyuta iitike, "Karibu ndani, mlango uko wazi." Wageni waliosikia mwaliko ule wakiwa barazani waliingia wakimshukuru Mungu kwamba amepona. Halafu walimwona.

Shida ilikuwa kwamba programu ilikuwa imeacha kumsikia. Profaili iliijua sauti ya zamani. Alisema "washa" mara nne, ya tano ndipo ikaitika. Neno "geuka" lilikuwa limekufa kabisa. Kulikuwa na toleo jipya la programu, na lile halikujali maneno. Ungeweza kulifundisha mluzi, mguno, mlio wa ulimi, sauti yoyote, ilimradi uitoe vilevile kila mara. Ilibidi profaili nzima ihamishwe, amri kwa amri, na kila amri ipewe sauti mpya.

"Mke wangu anaweza kuchapa," alinieleza, akipumzika katikati ya maneno. "Amekataa. Mama ndiyo kabisa."

"Kwa nini?"

"Waulize."

Sikuhitaji kuuliza. Kuifanya kazi ile ilikuwa ni kukaa mbele ya mgonjwa na kupanga: neno hili likifa tutaweka hiki, na hiki kikifa tutaweka kile. Kwao huo ulikuwa uchuro. Ndugu hamtamkii mgonjwa wake mambo hayo, maana anayetamka anaita. Mtani ndiye anayeruhusiwa. Mtani hulala kaburini kabla maiti haijashushwa, akadai fidia ndipo atoke, na hakuna anayesema ameleta nuksi. Ndiyo maana alinitafuta mimi, fundi wa simu wa vibandani, akawaacha walimu wenzake wa kompyuta waliojaa mjini.

Tulifanya kazi asubuhi, sauti yake ikiwa na nguvu. Alijua mengi kuhusu kufa kwake, nami nikalazimika kuyajua. Midomo hutangulia, akasema, kwa hiyo tusipoteze muda na "ba" na "ma". Ulimi unafuata. Mguno wa kooni hudumu. Pumzi ya puani hudumu zaidi.

"Tuanze na zitakazokufa mwisho," akasema.

Toleo jipya lilikuwa na programu ndogo ya mazoezi iliyoshushwa peke yake; hiyo ilimtaka arudie kila sauti mara kadhaa, na kila alipoirudia, mstari mdogo chini ya kioo ulijaa rangi ya kijani ikiwa imemwelewa, au ukabaki wa kijivu. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa mstari ule. Mguno mfupi: kijani. Mguno mrefu: kijani, kijani, kijivu. Tunarudia. Nje barazani mama yake alikuwa akikata viazi vitamu vya kuanikwa vikauke viwe michembe, na mtoto wake alipoguna kama ndama, kisu kilisimama. Kikaendelea. Kikasimama.

Siku moja nilisema jambo lililokuwa likinikaa kooni. "Tuweke na sauti ya kuita watu. Ukipaliwa, ukikosa hewa. Uwe na sauti moja ambayo kompyuta ikiipata, inapiga kengele nyumba nzima."

Kisu kilitua kwenye sinia. Mama akaingia, mikono ina maji ya viazi.

"Usiite msiba ndani ya nyumba hii."

"Mama, mimi mtani. Maneno yangu ni takataka, yanafagiwa. Hayaiti kitu."

Alinitazama kwa muda. Mtani wangu naye alikuwa akimtazama mama yake, na nadhani alikuwa anaogopa atakataa.

"Basi sema wewe," akajibu mwishowe. "Mimi sijasikia." Akarudi barazani kwenye viazi vyake, akatugeuzia mgongo.

Tukachagua mguno mrefu. Kengele aliichagua mwenyewe: ya baiskeli. Jirani alisogeza baiskeli yake hadi dirishani, nikarekodi, kring, kring. Mtani akasema yenyewe haina huzuni, kila mtu Tabora ameizoea.

Ikafika siku ya kuhama. Toleo la zamani lilitakiwa lizimwe kwanza ndipo jipya liingie, na profaili ikishahamia kwenye jipya hairudi kwenye la zamani. Nakala niliiweka kwenye flashi, lakini nakala ya maneno asiyoweza kuyatamka ilikuwa kama funguo za nyumba iliyoungua. Nilianza saa nne asubuhi. Mke wake alikuwa shuleni, mama amekwenda zamu ya usafi kanisani. La zamani likazimika. Jipya likaanza kushuka kutoka mtandaoni, likafika zaidi ya nusu, bando likaisha.

"Nenda kanunue," akasema. Kwa sauti yake ya wakati ule ilikuwa "ne-a ka-u-ue."

"Nikuache peke yako?"

"Du-ka li-po ha-po. Mto-to we-e?"

Duka lilikuwa kona ya pili. Mwenye duka alikuwa anaswali, nikasubiri. Wakati narudi niliwaona wanawake wawili wa jumuiya yao wakitoka getini, vitenge vimefungwa vizuri, mmoja ana chupa ya uji mkononi. Walikuwa wakienda zao bila haraka, wakizungumza.

"Mmemwonaje?" nikawauliza.

"Hakuna mtu, baba. Tumepiga hodi mara tatu, kimya. Tukasema labda wamempeleka hospitali."

"Yumo."

Wakanitazama. "Si siku zote anaitikia mwenyewe, karibu ndani?"

Nilikimbia, na nilikuwa nimekwisha kuelewa kabla sijafika mlangoni. Hodi mara tatu, na usipoitikiwa, unaondoka. Ndivyo tulivyolelewa sote, na anayeingia bila kuitikiwa ni mwizi au mwendawazimu. Kwa miaka miwili ile kompyuta ndiyo iliyowaitikia wageni. Asubuhi ile nyumba haikuwa na sauti yoyote, si ya mtu wala ya mashine.

Kichwa chake kilikuwa kimeanguka mbele, kidevu kimegonga kifua. Mate yalikuwa yamejaa kooni. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, na macho yalikuwa wazi, yananitazama, yako macho kabisa. Aliwasikia. Aliwasikia wanawake wale mita chache kutoka kwake wakipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akawasikia wakishauriana, akazisikia ndala zao zikienda.

Nilimlaza ubavu kama mke wake alivyonifundisha, nikaingiza kidole, nikamfuta, nikampigapiga mgongo. Wale wanawake walikuwa wamenifuata, wamesimama mlangoni, hata sasa hawajaingia, mpaka nilipopiga kelele waingie. Mmoja akaanza rozari. Mwingine akamshika miguu, sijui kwa nini miguu. Kisha pumzi ikaingia, na sauti yake ya kuingia siwezi kuiandika.

Nilipomaliza nilikaa chini sakafuni. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Ba-ndo?"

"Nimenunua, punda wewe."

Jioni ile mama yake aliposimuliwa hakulia. Alikuja akasimama nyuma yangu nikiwa kwenye kibodi. "Ile sauti yako ya msiba," akaniuliza kwa upole. "Umeshaiweka?"

Toleo jipya lilimsikia. Ni lazima niliseme hilo pia, maana kulikuwa na wiki kadhaa za furaha, ingawa ilikuwa furaha ya watu wanaotembea juu ya bati. Mguno mfupi, chombo kinaamka. Mlio wa ulimi, kinageuka. Pumzi ya puani, kinaruka kutoka nyota hadi nyota. Na kila mara ile sauti nzima ikajibu: "Tayari, mkuu." Mke wake alikuwa akitoka chumbani kila inaposema hivyo. Sikuwahi kumwuliza kama anaikimbia au anaenda kuisikilizia mahali pasipo na watu.

Mimi nilitaka arudishe chombo kwenye kituo alikoanzia, kule kwenye magati na taa. Alikuwa amekwenda mbali mno, sehemu za anga ambazo wachezaji wengine hawafiki, na kurudi kulihitaji miruko mingi.

"Rudi," nikamwambia. "Babu zako walikuwa wakirudi na mizigo, wanapigiwa vigelegele."

Wakati huo maneno alikuwa ameyaacha. Mke wake, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa amebandika ukutani chati ya silabi za watoto, ba be bi bo bu, nami nilipitisha kijiti mstari kwa mstari, nikizisoma kwa sauti. Kikifika kwenye silabi anayoitaka, anatazama juu. Ilichukua muda. Alisema: WE-NGI-NE WA-LI-O-A KWE-NU.

"Ndiyo maana sisi tuna sura nzuri."

NDI-YO MA-A-NA WE-WE WA-LI-KU-SA-HA-U.

Mama yake alicheka barazani. Kisha sote tukakisikiliza kifua chake.

Mlio wa ulimi ulikufa masika yalipoanza. Mstari ukabaki kijivu asubuhi nzima. Nikafungua profaili, nikaifuta amri ile, kazi yake nikaibebesha kwenye sauti nyingine: nikafanya mguno mmoja ubonyeze vitufe kadhaa kwa mfululizo, ili chombo kigeuke na kuruka kwa amri moja. Halafu mguno mfupi ukaanza kufanana na mrefu, kompyuta ikawa haijui ni safari au ni hatari. Tukaufuta mfupi. Kila nilipoiboresha profaili ilipungua. Nilianza kuogopa kuamka, maana asubuhi ndipo tulipojaribu sauti zilizobaki.

Ukabaki mguno mmoja peke yake. Pumzi ya puani ilikuwa imedhoofu, kipaza sauti hakikuitenganisha na feni.

Tuliketi wote wanne sebuleni. Nikaeleza kwa ufupi: sauti ni moja, kazi ni mbili. Ama iendeshe chombo, ama ipige kengele ya kuwaita watu. Mke wake alinitazama kama mtu anayeambiwa jambo lisilohitaji kujadiliwa.

"Kengele," akasema.

Mtani wangu alikuwa akiitazama chati. Nikachukua kijiti. CHO-MBO.

"Baba," mkewe akamwambia, "na sisi je?"

CHO-MBO.

Akatoka nje. Tulimsikia akimwaga maji kwenye ndoo, akiyamwaga tena. Mimi nilibaki na kijiti mkononi. Nilikuwa na hofu ya kuweka kengele na kumwondolea kitu pekee alichokiendesha duniani, na hofu ya kuiacha na siku moja kumkuta kidevu kifuani. Nikaona nitawaacha waamue wenye mtu wao.

Mama ndiye aliyeamua. "Weka vyote viwili."

"Haitawezekana kutofautisha, mama. Kila chombo kikisogea, kengele italia. Hamtajua ni nyota au ni yeye."

"Italia," akasema. "Tutakuja kila ikilia. Kwani tuna kazi gani kubwa?"

Niliiandika amri ile usiku haujaingia. Ilikuwa ya mwisho. Mguno mmoja: chombo kinaruka, na papo hapo kring, kring, ndani na barazani. Alipoujaribu, nyota zikavutika zikawa mistari, na sote watatu tukajikuta tumesimama, ingawa tulikuwa tumeketi pembeni yake tukimwona.

Mwanzoni tulikimbia. Kengele ikilia mke wake alitupa kalamu ya kusahihishia, nami nilitupa bisibisi, tukagongana mlangoni, na kumbe ni nyota. Mara nyingi ilikuwa nyota. Mara mbili haikuwa. Hilo ndilo lililonivunja, kwamba zote zililia sawasawa. Mke wake na mama yake walijifunza kutembea badala ya kukimbia. Mama alijipangusa mikono kwanza, akaingia kwa mwendo wake, akamtazama, akaona anga mpya kwenye kioo, akamwambia, "Umefika wapi sasa, baba?" na mara nyingine akaketi akaitazama naye. Majirani waliokuja kumsalimia nao waliingia kengele ikilia, bila hodi. Walikuwa wameambiwa.

Mimi sikujifunza. Na Tabora ni mji wa baiskeli. Nikienda sokoni kununua asali au kuchukua simu ya mteja, kengele ililia nyuma yangu, na kabla sijageuka moyo ulikuwa umekwisha kusimama. Wauza maziwa, wanafunzi, wazee wanaotoka Isevya, wote walinipigia kengele nisogee. Nilikuwa nikisimama katikati ya barabara, nikatukanwa. Nikaanza kujitazama ulimi kwenye kioo cha kunyolea. Nikawa nasoma mabango kwa sauti njiani, kuhakikisha kila herufi bado iko. Nilifunga vifungo vya shati na kuvifungua. Shemeji aliniona siku moja nikifanya hivyo, akanisogezea chai.

Nilimfundisha shemeji kuitunza profaili. Alikubali kwa urahisi. Tangu siku ya chombo na kengele hakuwa tena na neno la kulikataa. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu.

Asubuhi moja mtani aliniita kwa macho kwenye chati. NE-NDA.

"Niende wapi?"

PO-PO-TE. U-NA-TE-TE-ME-SHA KI-TI.

Nilitazama. Nilikuwa nimeushika mkono wa kiti chake, na kweli kilikuwa kikitetemeka, na mito, na kichwa chake kidogo juu ya mito.

"Nikiondoka utapata nani wa kumtukana?"

Alifumba macho, maana yake hapana, au maana yake amechoka. Kisha akafumbua. M-TU-MWA HA-A-GI. A-NA-TO-RO-KA.

Nilicheka hadi nikalazimika kutoka nje.

Siku ya kuondoka pikipiki ilikuja kunichukua mapema, maana treni ya Kigoma ingepita asubuhi na sikutaka kurudi pwani kwa njia ile ile. Nilikuwa nimekwisha kumuaga. Nilimvalisha kofia yangu nikamwambia ameninyang'anya, ni haki yake. Mke wake alikuwa amekwenda shuleni. Mama alinifungia michembe kwenye mfuko, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniombea kwa Kinyamwezi maneno ambayo sikuyajua yote. Nilijua kwamba sitarudi. Nimeshaondoka miji mingi, na hilo mtu hulijua akiwa bado hajatoka getini.

Nilikuwa nimepakata begi, mguu mmoja uko juu ya pikipiki, kengele ikalia.

Mama aliweka chini ungo aliokuwa ameuchukua. Akajipangusa mikono kwenye kitenge. Akaingia ndani, si kwa haraka, wala si polepole.

Nilingoja. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilimsikia akisema na mwanawe kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, sauti ileile aliyomsemea siku zote, akiwa amefika nyota mpya au akiwa amepaliwa. Niliisikiliza kwa masikio yote. Sikuweza kutofautisha.

"Kaka, tunaachwa," dereva akasema.

Mguu wa pili ulikuwa bado ardhini. Nikaunyanyua, nikaketi, nikamwambia twende.